Bao la Mchanga ni Bao: Juu ya Michezo Iliyomo Ndani ya Michezo

Mtu apitaye katika mitaa ya Nkuhungu, Dodoma, wakati wa jioni za kiangazi, hatakosa kuwaona watoto wadogo wakijipikilisha katika kivuli cha nyumba. Mmoja ni mama, mwingine ni baba, wengine ni watoto au wageni. Mama husonga ugali wa mchanga katika kopo. Baba hutoka kwenda kazini, nako kazini ni hatua tano tu kutoka jikoni, kisha hurejea akiwa amechoka. Na kwa kuwa mtu aliyechoka hana budi kupumzika, na watoto wamekwisha waona wazee wakipumzika, baba huyo wa kujifanya huchimba vishimo ardhini, huokota kokoto, humwita jirani wa kujifanya, na wawili hao huanza kucheza bao.

Katika kaya ile kila kitu ni cha uongo isipokuwa kimoja. Ugali si ugali, maana hauliwi. Mshahara aliouleta baba ni majani. Hata uchovu wake ni wa kuigiza. Lakini bao ni bao. Ikiwa zamu zinafuatwa na kanuni zinashikwa, basi aliyeshinda ameshinda kweli, na aliyeshindwa hununa kwa kununa kwa kweli, pengine hata kaya nzima ikavunjika kwa ugomvi huo. Ni kweli kwamba watoto aghalabu hupunguza mashimo na kuzirahisisha kanuni, lakini hilo haliiharibu hoja. Bao dogo nalo ni bao.

Sababu yake si ngumu kuieleza. Ugali ni unga na maji, na palipo na mchanga badala ya unga hapana ugali. Mchezo wa bao hauna unga wake. Pwani huchezwa kwa komwe katika ubao uliochongwa, bara huchezwa kwa kokoto katika mashimo ya ardhini, na hakuna mzee awezaye kusema kwamba la ubao ndilo la kweli na la ardhini ni mfano tu. Drafti nayo huchezwa kwa vizibo vya soda, wala mfalme aliyetokana na kizibo hapungukiwi na chochote. Mchezo ni kanuni, na kanuni haina uzito wala bei. Ndiyo maana huweza kuingia katika ulimwengu wa kubuni na kutoka tena bila kupungua hata chembe.

Hoja hiyo, iliyo nyepesi katika mchanga wa Nkuhungu, yafaa itumiwe kulitazama jambo linalowashughulisha wazazi na walimu katika miji mingi nchini, nalo ni michezo ya video. Kibanda cha gemu ni kitu kilichozoeleka. Kina runinga, mashine ya PlayStation, padi mbili zilizochakaa, benchi, na vijana wanaolipa kwa dakika au kwa mechi. Wengi hucheza mpira wa miguu. Wapo pia wanaocheza michezo ya hadithi, na miongoni mwa hiyo uliopata umaarufu mkubwa kupita kiasi ni Grand Theft Auto: San Andreas, uliotengenezwa na Rockstar North ya Edinburgh, Uskochi, na kutolewa Oktoba 2004 kwa mashine ya PlayStation 2.

Isemwe mapema kwamba San Andreas si mchezo wa watoto. Wenye kuupima huko ulikotoka waliuweka katika kundi la watu wazima, na walikuwa na haki, kwa kuwa mauaji, wizi na matusi ndiyo mwili wa hadithi yake. Hata hivyo limo ndani yake jambo la kisayansi ambalo wachezaji wengi hulipita bila kulitazama. Hadithi yake ni ya mwaka 1992, katika jimbo la kubuni lililoigizwa California na Nevada. Kijana mhusika, Carl Johnson, akiingia katika baadhi ya baa na maduka ya jimbo hilo, hukuta mashine kubwa za michezo zilizosimama ukutani. Majina ya michezo hiyo ni Duality, Go Go Space Monkey, Let's Get Ready to Bumble na They Crawled From Uranus. Hakuna kiwanda duniani kilichowahi kuuza mashine hizo. Ni bidhaa za ulimwengu wa hadithi, kama vile magari yake na redio zake zilivyo vya hadithi. Lakini Carl akisimama mbele ya mashine na kijana wa kibandani akabonyeza kitufe, picha ya mchezo mdogo huijaza runinga, na mchezo huchezeka tangu mwanzo hata mwisho, kwa alama zake na kushindwa kwake.

Gari la Carl si gari, wala dola zake si dola. Je, mchezo anaoucheza Carl si mchezo? Ni mchezo. Vidole vinavyoucheza ni vya kijana wa kibandani, na alama alizozipata amezipata yeye. Bao la baba wa kujifanya limerudi kwa sura nyingine.

Si kila mchezo uliomo ndani ya hadithi unafika hatua hiyo, na tofauti hiyo inafundisha. Watengenezaji hao hao, katika Grand Theft Auto: Vice City wa mwaka 2002, ambao hadithi yake ni ya mwaka 1986, walibuni mashine ya michezo ya nyumbani iitwayo Degenatron. Mchezaji hawezi kuigusa. Huisikia tu katika matangazo ya redio anapoendesha gari, tangazo likijisifu kwa sauti kubwa juu ya mraba mwekundu na vidoa vya kijani, kwa kuwakejeli watu waliouza mashine za zama zile. Hapo pana jina la mchezo na sifa za mchezo, lakini kanuni hakuna. Kwa hiyo ni sawa na ugali wa mchanga. Watengenezaji waliiwekea pia Degenatron tovuti ya mzaha, na humo wakaweka michezo yake ikiwa na kanuni. Siku hiyo ikageuka kutoka uvumi ikawa kitu.

Gwent ulisafiri mbali zaidi. Katika vitabu vya mwandishi wa Poland, Andrzej Sapkowski, wahusika hucheza karata za namna hiyo, na msomaji hapewi kanuni za kumwezesha kuzicheza mwenyewe. Kampuni ya CD Projekt Red ya Warsaw ilipotengeneza The Witcher 3, uliotolewa mwaka 2015, ilibidi wabuni kanuni ili wahusika wa mchezo wacheze kwa kweli. Walizibuni, na wachezaji wengi wakaacha kuwafukuza majini wakakaa vilabuni humo wakicheza karata. Mwaka 2018 Gwent ukatolewa kama mchezo unaojitegemea. Kitu kilichokuwa neno tu katika hadithi kilipita ndani ya hadithi nyingine, kikavaa kanuni, kikatoka kikiwa bidhaa. Hakuna panga wala farasi wa hadithi hiyo aliyeweza kufanya safari kama hiyo.

Wenye kutaka mfano wa mwisho kabisa wautazame Minecraft, ambamo mchezaji hujenga kwa matofali ya kubuni, na baadhi ya matofali hayo hupitisha ishara kama waya upitishavyo umeme. Mwaka 2022 wachezaji walionyesha kompyuta waliyoijenga kwa matofali hayo, na ndani ya kompyuta hiyo wakaendesha mfano mdogo wa Minecraft wenyewe. Ilikwenda polepole mno, hata ikabidi mchezo wa nje uharakishwe maelfu ya mara ndipo mtu aone kitu kikisogea. Kila tabaka lililoongezwa hudai malipo yake ya muda. Lakini ilihesabu kwa usahihi. Kompyuta ya kubuni ilikuwa kompyuta, kwa sababu kompyuta nayo, kama alivyokwisha kuonyesha Mwingereza Alan Turing mwaka 1936, kabla haijawa sanduku la chuma ni kanuni.

Sasa itazamwe kazi yenyewe jinsi inavyofanyika, maana hapa ndipo penye faida. Mtu hudhani kwamba ndani ya San Andreas mmetiwa mashine ya pili. La. Programu ni ile ile moja. Takribani mara 30 kwa sekunde mashine husoma vitufe, hubadili namba zilizo katika kumbukumbu yake, kisha huchora picha kutokana na namba hizo. Carl anapokuwa njiani, namba hizo ni mahali alipo, mwendo wa gari, afya yake na mengineyo mengi sana. Anapocheza mchezo wa ukutani, ni mahali alipo nyuki, idadi ya alama, na namba nyingine chache. Mchezo wa nje ni kazi ya watu wengi kwa miaka kadhaa. Mchezo wa ndani ni kazi ambayo mtu mmoja mwenye bidii aweza kuimaliza.

Na ni mdogo kiasi gani? Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Ili kuiandika hali yote ya bao katika kumbukumbu ya mashine, zatosha namba 32, moja kwa kila shimo, pamoja na namba mbili za kete zilizobaki mikononi wakati wa kunamua, yaani 22 kwa kila mchezaji mwanzoni. Jumla ni namba 34, na kila moja huenea katika baiti moja. Mashine ya Atari 2600, iliyotolewa Marekani mwaka 1977, ilikuwa na baiti 128 tu za kumbukumbu ya kufanyia kazi. Hali ya bao ingaliingia humo na nafasi ikabaki. PlayStation 2 ina megabaiti 32. Kama isingalikuwa na jambo jingine la kukumbuka, ingaliweza kukumbuka mabao karibu milioni moja kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mtu akisema kwamba shule ya Nkuhungu haiwezi kufundisha kutengeneza michezo kwa sababu kompyuta zake ni chache na ni kuukuu, hajapiga hesabu. Kompyuta iliyotupwa na ofisi kwa uzee ina nafasi kubwa kupita kiasi kwa mchezo wenye hadhi kuliko mingi inayouzwa.

Liko jibu jingine linalotolewa mara kwa mara, nalo ni kufunga vibanda. Lina historia yake nchini. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uagizaji wa kompyuta na vifaa vyake kutoka nje, baada ya kazi ya kompyuta katika hesabu za Hazina kwenda vibaya, na fedha za kigeni zilikuwa adimu. Sababu hizo hazikuwa za kipuuzi. Lakini marufuku hayaondoi kitu duniani. Huondoa watu wanaokifahamu kitu hicho. Amri ilipokuja kulegezwa, mashine ziliingia upesi kuliko mafundi walivyoweza kupatikana, na kwa muda mrefu nchi ikabaki kununua programu kama inunuavyo mashati. Kufunga vibanda vya Nkuhungu leo, wakati mchezo huo huo umo katika simu ya mkononi, kutawaondoa vijana katika benchi tu.

Haifai hata hivyo kuwadharau wazazi wanaolalamika. Kuna vitu vinavyovuka kutoka mchezoni kuja duniani mbali na kanuni. Muda huvuka. Saa tatu zilizotumika katika jimbo la San Andreas ni saa tatu za Dodoma, na shilingi iliyolipwa kibandani ilikuwa ya mboga. Mtoto wa darasa la tano aliye mbele ya mchezo wa watu wazima yuko mahali pasipo pake, na mwenye kibanda anajua hivyo.

Lakini penye hatari kubwa ni pale mchezo uliomo ndani ya mchezo unapokuwa kamari, na hapa hoja ya bao la mchanga hukata kwa makali yake ya pili. Katika San Andreas mna kasino na mna vituo vya kubashiri mbio za farasi. Dola zinazowekwa humo ni za hadithi, na hazinunuliwi kwa fedha yoyote. Kamari hiyo ni ugali wa mchanga, ijapokuwa hufundisha ladha mbaya. Mambo yamebadilika tangu hapo. Katika GTA Online kasino ilifunguliwa Julai 2019, na fedha za mchezo huo huweza kununuliwa kwa fedha halisi. Nchi nyingi hazikuruhusiwa kuifikia. Katika michezo ya mpira ya FIFA ziliuzwa pakiti za wachezaji ambazo mnunuzi hajui atamkuta nani ndani. Ubelgiji ilitamka mwaka 2018 kwamba masanduku ya namna hiyo, yakinunuliwa kwa fedha, ni kamari, na mwaka 2019 kampuni ya EA ikaacha kuyauzia fedha nchini humo.

Wabelgiji walifikiri sawasawa. Kanuni za kubahatisha zikiwa za kweli na fedha ikiwa ya kweli, haijalishi kwamba meza ya kamari imechorwa. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya Tanzania, ya mwaka 2003, inamkataza mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Mtoto huyo akikutwa mbele ya mashine ya sarafu dukani, kila mtu huona kosa. Akinunua pakiti katika simu ya kaka yake, hakuna anayeona kitu, kwa kuwa inaitwa gemu. Hapo ndipo mpaka ungepaswa kuchorwa na wenye mamlaka, na si mlangoni mwa kibanda. Swali la kuuliza si kama picha inatisha au kama kelele zinaudhi. Ni kama mchezo unachukua fedha kwa bahati nasibu. Ni swali ambalo afisa wa kata aweza kulijibu kwa dakika kumi.

Mpaka huo ukisha kuchorwa, kinachobaki ndani yake ni mali. Kijana aliyekaa miaka mitatu katika benchi la kibanda anajua mambo ambayo mwalimu wa kompyuta angependa kuyafundisha: kwamba mashine hufuata kanuni bila huruma, kwamba kanuni huweza kuwa na tundu, kwamba kitendo kile kile katika hali ile ile huleta matokeo yale yale. Anachokosa ni kuonyeshwa kwamba kanuni hizo ziliandikwa na mtu. Mchezo mdogo wa ukutani wafaa kwa kazi hiyo kuliko mkubwa, kwa sababu unaonekana wote kwa mara moja, kama redio iliyofunguliwa mfuniko. Scratch, programu ya kufundishia watoto iliyotolewa na chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007, hupatikana bure, na maelezo yake yamo pia kwa Kiswahili. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kina chuo cha taaluma za kompyuta ndani yake, umbali wa safari ya daladala kutoka Nkuhungu. Vitu hivi vitatu, benchi, programu na chuo, vimo katika jiji moja na havijakutanishwa vya kutosha.

Kazi ya kwanza ingefaa iwe bao, na si kwa sababu ya kujivunia utamaduni peke yake. Bao lina istilahi zilizokwisha kukamilika kwa Kiswahili: kunamua, mtaji, kutakasa, nyumba, kichwa, kimbi. Mwanafunzi hana haja ya kupewa maneno ya kigeni ili afikiri. Lina kipimo cha makosa kilichomo ndani yake lenyewe, kwa kuwa kete za mashimoni pamoja na zilizo mikononi sharti ziwe 64 baada ya kila zamu. Programu ikihesabu 63, mwandishi wake anajua palipo na kosa kabla mwalimu hajafungua kinywa. Tena lina ugumu wa kweli. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, walioandika programu ya kucheza bao na kuitangaza mwaka 2002, walikuta kwamba iko michezo ya kete ambayo, ikifuatwa kama kanuni zisemavyo, haikomi kuzunguka. Binadamu hukutana na jambo hilo kwa nadra, na huamua kwa kuafikiana. Mashine isipoambiwa la kufanya itazungusha kete mpaka umeme ukatike.

Programu hiyo ikisha kuandikwa, haina lazima ya kubaki peke yake. Yawezekana kutengenezwa mchezo mkubwa zaidi, wenye mtaa, mnada wa ng'ombe, mashamba ya zabibu na vumbi la Oktoba, na katika mtaa huo wakawekwa wazee wawili chini ya mti wakicheza bao linalochezeka. Mchezaji wa mbali, asiyewahi kuisikia Dodoma, atakapochoka na hadithi atakaa nao. Ng'ombe wa mnada huo hatakuwa ng'ombe kwake, lakini akifungwa katika bao atakuwa amefungwa.

Kabla ya hapo iko kazi isiyofanyika kwa kompyuta. Kanuni za bao hazichezwi kwa namna moja kila mahali. Pana tofauti katika kuanza, katika haki ya nyumba, na katika lini mchezaji aweza kulala au kusafiri kete zake zinapoishia nyumbani. Mtu huzicheza tofauti hizo kwa mazoea bila kuzitamka. Mwandishi wa programu hana budi kuzitamka zote, moja moja, au mashine itakataa kuanza. Kwa hiyo mwanafunzi wa Nkuhungu atakayeshika kazi hii ataanza kwa kuchukua daftari na kalamu, kwenda walipo wazee, kuwasalimu, kukaa, na kusubiri mchezo uishe ndipo aulize.